Daftari la Mwaka 1982: Kodi ya Viwanja na Majengo kwa Majirani Zetu

Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tutalitazama suala la kodi ya viwanja na majengo. Tunalizungumza hasa kwa ajili yenu, ndugu zetu wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi, kwa sababu tatu. Kwanza, mshahara wa askari, buti zake na petroli ya gari la doria hutokana na kodi za wananchi. Pili, mwananchi anapokataa kulipa na mahakama ikaamuru mali yake ikamatwe, askari ndiye anayetumwa kusimama mlangoni ili amri itekelezwe kwa amani. Tatu, askari naye atastaafu. Atatoka katika nyumba ya serikali kambini na kuhamia katika nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake. Siku hiyo naye atakuwa mwenye nyumba, na swali la nani alipe na alipe kiasi gani litakuwa lake.

Katika Afrika Mashariki kodi ya nyumba ilianza vibaya. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliitoza kila nyumba rupia 3 kwa mwaka. Kenya nayo ilianza kutozwa kodi ya nyumba katika miaka hiyo hiyo, na Wajerumani walikwisha kuianzisha Tanganyika kabla ya hapo. Nyumba ya udongo na makuti, isiyoweza kuuzwa kwa bei yoyote, ilihesabiwa kuwa mali ya kutozwa. Watu wengine walisongamana jamaa wengi katika nyumba moja ili wapunguze hesabu. Wengine walikwenda kufanya kazi mashambani mwa walowezi ili wapate hizo rupia. Askari walitumwa vijijini kukusanya, na mahali pengi nyumba za wasiolipa zilichomwa moto.

Wakati huo huo, kodi ya mapato iliyoanzishwa Kenya mwaka 1921 ilipingwa na walowezi, ikafutwa mwaka uliofuata, wala haikurudi mpaka mwaka 1937. Mwenye kibanda alilipa, na mwenye maelfu ya ekari alisamehewa. Basi si ajabu kwamba mpaka leo, mzee wa kijijini akisikia neno "kodi ya nyumba", moyo wake hushtuka.

Lakini kodi ya jengo, kwa asili yake, si dhuluma. Barabara inapopita mbele ya kiwanja, taa zinapowashwa, mfereji wa maji unapofika na kituo cha polisi kinapofunguliwa, thamani ya kiwanja hicho hupanda. Mwenye kiwanja hakuijenga barabara hiyo. Imejengwa na umma. Ni haki basi kwamba sehemu ndogo ya faida hiyo irudi kwa umma. Tena ardhi haifichiki. Mfanyabiashara aweza kuficha hesabu zake, lakini hawezi kulificha ghorofa. Ugomvi unazuka juu ya mizani: nani anapima, anapima lini, na je, anampima kila mtu?

Tuutazame mji wa Nairobi. Huko kodi hutozwa kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Thamani ya kila kiwanja huandikwa katika daftari la uthamini. Daftari lililotumika Nairobi liliandikwa mwaka 1982, na mji uliendelea kulitegemea kwa muda wa karibu miaka 40. Katika muda huo mashamba yamegeuka mitaa, mitaa ya makazi imegeuka maofisa na mahoteli, na barabara kuu zimepasuliwa mahali palipokuwa na nyasi. Daftari lilibaki vile vile. Kwa kuwa thamani zilizoandikwa zilikuwa ndogo mno, kiwango kilipandishwa mpaka kikafika asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mwaka 1982 viwanja viwili vilithaminiwa kila kimoja kwa shilingi 100,000 za Kenya. Kwa asilimia 34, kila mwenye kiwanja alilipa shilingi 34,000 kwa mwaka. Miaka ikapita. Kiwanja cha kwanza kikajikuta katikati ya mtaa wa mabenki, thamani yake ikawa shilingi milioni 60. Cha pili kikabaki katika mtaa wa watu wa kawaida, thamani yake ikawa shilingi milioni 10. Daftari la zamani liliendelea kuwatoza wote wawili shilingi 34,000 zile zile. Kumbe kwa kusimama mahali pamoja, daftari lilikuwa limeacha kuwa sawa, na mnyonge alikuwa akimbebea tajiri mzigo wake bila yeyote kupitisha sheria ya kumdhulumu.

Mwaka 2019 daftari jipya lilitayarishwa, na kiwango kikapangwa kiwe asilimia 0.115 ya thamani mpya. Turudi katika mfano wetu. Mwenye kiwanja cha shilingi milioni 60 sasa angelipa shilingi 69,000, na yule wa milioni 10 angelipa shilingi 11,500. Mmoja mzigo wake umezidi mara mbili, na mwingine umepungua hadi theluthi moja. Hapo ndipo malalamiko yalipopata sauti. Mara nyingi anayepandishiwa husikika zaidi kuliko anayepunguziwa.

Hata hivyo yako malalamiko yanayostahili kusikilizwa kwa makini. Yuko mjane aliyenunua kiwanja pamoja na marehemu mumewe miaka ya 1970, wakati eneo lile lilipokuwa pori. Leo majirani zake wamejenga maghorofa, na kiwanja chake kinahesabiwa kuwa mali kubwa. Lakini yeye hana mshahara, na hawezi kula thamani ya ardhi mpaka aiuze. Yuko mpangaji, asiyemiliki hata tofali moja, anayeona kila kodi ya mwenye nyumba ikihamishiwa katika kodi yake ya pango. Na yuko mfanyabiashara asemaye kwamba yu tayari kulipa, ila angependa kwanza taka zizolewe mbele ya duka lake. Hawa wote si wakwepaji wa kodi. Wanauliza maswali ya haki, na serikali yenye busara huwajibu kwa msamaha uliopimwa, kwa malipo ya awamu na kwa kazi inayoonekana.

Liko pia lalamiko dhidi ya serikali yenyewe. Nchini Kenya, serikali kuu hutakiwa kuzilipa serikali za kaunti mchango badala ya kodi kwa ajili ya ardhi inayoitumia. Deni hilo limekuwa chanzo cha mvutano wa miaka mingi kati ya Nairobi kama jiji na Nairobi kama makao ya serikali. Mwananchi anayeletewa hati ya madai huku akijua kwamba ofisi kubwa ng'ambo ya barabara nayo inadaiwa, hawezi kulaumiwa akinung'unika.

Uganda imefuata njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2005 huipima nyumba kwa pango ambalo ingeweza kuleta kwa mwaka, lakini humsamehe mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Shabaha yake ni njema: mtu asitozwe kwa paa linalomfunika yeye na watoto wake. Lakini msamaha huo haubagui. Mwenye jumba la vyumba kumi juu ya kilima cha Kampala, akiishi mwenyewe, halipi. Mama aliyejenga vyumba vitatu vya kupangisha ili asomeshe wanawe yumo katika orodha ya walipaji.

Rwanda nayo ilijaribu kwa nguvu zaidi. Sheria ya mwaka 2018 iliisamehe nyumba moja ya kuishi ya jamaa, lakini ikapanga kodi ya nyumba nyingine za makazi ipande kwa awamu hadi asilimia 1 ya thamani, na kodi ya ardhi ifike hadi faranga 300 kwa mita ya mraba. Wananchi walilalamika kwamba mzigo umezidi uwezo. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa: asilimia 1 ikawa nusu yake, na kikomo cha kodi ya ardhi kikateremshwa hadi faranga 80. Serikali inayopima upya mzigo iliouweka haijashindwa. Imetimiza wajibu wake.

Ndugu Wasikilizaji, hatusemi haya ili kuwasuta majirani zetu. Nasi hapa Tanzania tuna somo letu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya mita ya umeme. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, wala hahitajiki askari mlangoni. Wazee wenye miaka 60 na zaidi na watu wenye ulemavu wamesamehewa nyumba moja wanayoishi. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Pasipo mwenye nyumba mwungwana wa kuzirudisha fedha hizo katika hesabu ya pango, mzigo humwangukia asiye mwenye mali. Tena kiasi ni kimoja kwa nyumba ya kawaida, iwe ya vyumba viwili au iwe ya fahari yenye ukuta na bustani. Wepesi wa kukusanya ni jambo jema, lakini wepesi peke yake si haki.

Tofauti kati ya kodi ya ukoloni na kodi ya nchi huru haimo katika jina wala katika bendera. Imo katika mambo manne: daftari liwe la kweli na lipitiwe kwa wakati, mwenye nacho alipe kwa kadiri ya alicho nacho, na serikali ilipe ya kwake, na mlipaji aione barabara, taa na zahanati. Mambo hayo yakitimizwa, asiyelipa ni mwizi wa umma, na askari anayesimama mlangoni pake anasimama kwa niaba ya majirani zake wote. Yasipotimizwa, askari yule yule atajikuta amesimama pale alipowekwa askari wa mwaka 1900, mbele ya mlango wa mnyonge.

Ni wajibu wa raia kulipa. Ni wajibu wa wenye mamlaka kupima sawasawa. Nasi tulio katika utumishi wa umma, wenye sare na wasio na sare, ni wajibu wetu kukumbuka kwamba kila shilingi tunayoitumia imetoka chini ya paa la mtu.