Kata Katanga: maisha ya Gédéon kwa utaratibu wa miaka

Kila mara jina la Gédéon linapotoka kwenye redio, hapa kwetu Kampemba mazungumzo yanagawanyika palepale. Mmoja anasema ule ni mwuaji. Mwingine anasema hapana, alikuwa anapigania Katanga. Wengi walio Unilu leo walikuwa bado batoto wakati mambo haya yalipoanza, wanajua paka jina. Basi tufuate maisha yake mwaka kwa mwaka, juu miaka njo inaonyesha kitu ambacho mabishano yetu yanaficha: bendera ya Katanga ilikuja mwisho. Bunduki ilitangulia.

Gédéon Kyungu Mutanga alizaliwa kaskazini, teritware ya Manono. Shika hiyo Manono. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alipotangaza hapa mjini kwamba Katanga ni nchi huru, watu wa kaskazini wengi walikataa. Chama cha Balubakat cha Jason Sendwe kilipinga kujitenga, vijana wake wakapigana na jandarma wa Tshombe, na Manono ikawa kitovu chao. Kujitenga kwenyewe kulikwisha Januari 1963. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba kaskazini walikuwa wakiota uhuru wa Katanga tangu zamani, umuulize babu yake alikuwa upande gani.

Vita ya 1998 ilipoanza, waasi wa RCD wakisaidiwa na Rwanda waliteka sehemu kubwa ya mashariki na kushuka mpaka kaskazini ya Katanga. Serikali ya Kinshasa haikuwa na askari wa kutosha. Ikawapa silaha raia wa vijijini ili wajilinde, na hao njo Mai-Mai wa Katanga, wenye kujinyunyizia mayi ya dawa ili risasi isiwapate. Gédéon alitokea humo, akawa mkubwa wa vita. Wakati ule hakuwa mwasi hata kidogo. Alikuwa upande wa Leta, akipigana ili Kongo isikatwe.

Amani ilipotiwa saini na serikali ya mpito kuingia mwaka 2003, wakubwa walipata vyeo Kinshasa. Bunduki za vijijini zilibaki mikononi mwa waliozishika. Gédéon na watu wake wakaanza kupigana na jeshi lilelile la serikali, na wenye kulipa walikuwa wanakijiji. Eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, wanawake walibakwa, batoto walichukuliwa kubeba silaha. Jeshi nalo lilipokuja kumwinda, mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, raia walikimbia kwa makumi ya maelfu, wengine wakilala kambini Dubie na Mitwaba. Tarehe 12 Mei 2006 alijisalimisha Mitwaba kwa askari wa MONUC, akiwa na wapiganaji ambao wengi wao walikuwa batoto.

Kesi ilianza 2007 mbele ya mahakama ya kijeshi, huko Kipushi. Bantu wa vijijini walikuja kusema yaliyowapata, na mshitakiwa akiwa hai, jambo ambalo linaomba roho ngumu. Machi 2009 alihukumiwa kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi. Na hapa kuna kipande ambacho watu hawakitaji sana: mahakama iliamuru pia Leta ya Kongo yenyewe ilipe fidia pamoja na washitakiwa. Yaani waamuzi wa kijeshi walisema kwamba serikali nayo ina sehemu yake katika damu ile.

Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, kwenye barabara ileile mnayoishika kwenda kampusi. Wafungwa zaidi ya 900 walitoroka, Gédéon akiwa kati yao.

Ni baada ya hapo tu ndipo tunasikia Bakata Katanga, na sisi hatuhitaji mtafsiri: kata Katanga, itenganishe na Kongo. Tarehe 23 Machi 2013 mamia ya wapiganaji, wengine na mishale na mapanga, waliingia Lubumbashi kwa miguu mpaka katikati ya mji, wakashusha bendera ya taifa na kupandisha ya Katanga, ile yenye misalaba mitatu ya shaba. Karibu watu 35 walikufa siku ile. Wapiganaji zaidi ya 200 wakakimbilia kambi ya MONUSCO na kujitoa. Huko kaskazini hesabu ilikuwa mbaya zaidi: waliokimbia makwao Katanga walitoka karibu 50,000 mwanzoni mwa 2012 wakafika karibu 400,000 mwishoni mwa 2013. Hao wote ni Wakatanga. Uhuru wa nani, basi?

Si kwetu tu. Punjab, India, Jarnail Singh Bhindranwale, ambaye leo anahesabiwa shujaa na wanaotaka nchi ya Masingasinga, mwanzoni alipata msaada wa wanasiasa wa chama kilichotawala, waliotaka kuwadhoofisha wapinzani wao. Juni 1984 serikali ya chama hichohicho ikapeleka jeshi kumtoa katika Hekalu la Dhahabu, Amritsar, na mamia ya watu wakafa humo pamoja naye.

Mwaka 2015 Katanga ilikatwa kweli: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba, Tanganyika. Aliyekata ni Kinshasa, kwa sheria. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, wakati muhula wa Rais Joseph Kabila unakaribia kwisha, Gédéon alitoka porini, Malambwe, na wapiganaji zaidi ya 100. Alipokelewa kwa sherehe, amevaa fulana yenye picha ya Rais. Mtu wa kujitenga, na fulana ya mkubwa wa Kinshasa! Hakurudishwa Kasapa. Aliwekwa katika nyumba hapa Lubumbashi, chini ya ulinzi, na hata Umoja wa Mataifa ulipomtia kwenye orodha ya vikwazo mwaka 2018, hukumu ya kifo ilibaki kwenye karatasi.

Tarehe 28 Machi 2020 watu wake waliingia mjini tena, na katika fujo ile akatoweka. Februari 2021 wenye silaha wanaohesabiwa Bakata Katanga wakashambulia kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati, watu wakafa. Hukumu ya Kipushi haijafutwa: ndani yake wamo wale waliotoka Mitwaba kuja kusema mbele ya waamuzi, na amri ya kwamba walipwe, na Gédéon na Leta.