Baridi Inayoyeyusha Nyama kwenye Friza

Mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, usiku wa Januari baridi hupita kwa kawaida nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri. Huko, kama ilivyo Kanada, familia ikinunua friji mpya, ile ya zamani mara nyingi huhamishiwa kwenye gereji ya nyumbani, ikawa ya soda na nyama iliyonunuliwa kwa jumla. Gereji hiyo haipashwi joto. Mtu angedhani friji imepata mahali pake hasa, maana baridi ni ya bure na bili ya umeme itapungua. Lakini siku moja mwenye nyumba hufungua friza akakuta kuku wamelegea na maji ya damu yametuama kwenye droo. Fundi akiitwa, haoni ubovu wowote.

Kisa kiko katika namna friji inavyofanya kazi. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kompresa huikandamiza gesi mpaka ikapata moto, gesi hiyo hutoa joto lake kupitia mabomba ya nje na kugeuka kimiminika. Kisha hupenya kwenye kibomba chembamba, shinikizo linashuka ghafla, nayo huchemka upya ikifyonza joto lililomo ndani.

Friji nyingi za kawaida zenye friza zina kompresa moja tu, na mabomba ya kupoza yako upande wa friza. Feni husukuma sehemu ya hewa baridi kwenda chumba cha maziwa na mboga. Anayeamuru kompresa iwake ni themostati, na katika friji nyingi za aina hii themostati hupima joto la chumba cha mboga peke yake. Hali ya friza haiulizwi.

Jikoni kwenye nyuzi 22 mpango huu hauna tatizo. Joto hupenya kutoka nje, chumba cha mboga kinapanda juu ya nyuzi 4, kompresa inawaka, na friza inapata sehemu yake mpaka kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa ipeleke friji hiyo kwenye gereji yenye nyuzi 3. Chumba cha mboga hakiwezi kupanda kupita nyuzi 4, kwa kuwa nje kwenyewe hakuna joto hilo. Themostati inaridhika, kompresa inalala. Friza nayo, ambayo ina baridi kuliko gereji kwa nyuzi 21, inaendelea kupokea joto kidogo kidogo bila wa kuliondoa. Baada ya siku kadhaa itakaribia nyuzi zile zile 3, na nyama itakuwa imeyeyuka.

Ndiyo maana wiki ya baridi kali siyo inayoharibu nyama. Gereji ikishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, nyama hubaki imeganda. Wanaoumia ni soda na maziwa, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua kopo. Siku za kuogopa ni zile za Novemba na Machi, gereji inapokaa kati ya nyuzi 0 na 8. Tena baridi ikirudi, nyama iliyoyeyuka huganda upya, na mlaji hapati dalili.

Mashine yenyewe pia huteseka. Mafuta ya kompresa huwa mazito, kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, na injini hupata shida kuanza. Gesi nayo hukimbilia penye baridi zaidi. Kompresa ikiwa ndiyo sehemu hiyo, gesi hugeuka kimiminika humo na kuchanganyika na mafuta yanayopaswa kulainisha vyuma.

Watengenezaji hawakulificha jambo hili. Kwenye kibandiko ndani ya friji nyingi kuna herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofika karibu na sifuri.

Tiba zipo. Kwa baadhi ya friji huuzwa kipasha joto kidogo kinachofungwa karibu na themostati ili kuidanganya kwamba chumba kina joto, kompresa ikawaka. Friza ya sanduku huvumilia zaidi, kwa kuwa themostati yake hupima friza yenyewe, ingawa nayo lazima mtengenezaji awe ameiruhusu kukaa kwenye baridi. Kuzungusha kitufe kwenda baridi zaidi husaidia kidogo tu. Gereji ikishuka chini ya kipimo kipya, shida ni ile ile. Asiye na uhakika agandishe maji kwenye kikombe ndani ya friza, aweke sarafu juu yake. Akiikuta imezama kwenye barafu, ajue friza iliwahi kuyeyuka.

Herufi hizo za daraja zinatuhusu na sisi. Friji ya mtumba kutoka Ulaya yenye daraja N, ikiwekwa Dar es Salaam kwenye chumba chini ya bati ambamo joto hupita nyuzi 32 mchana, itanguruma bila kupumzika na kula umeme. Friji ya T ikiwekwa stoo wazi kule Makete, ambako Juni na Julai umande huganda shambani, itakuwa nje ya kipimo chake kwa upande wa pili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua mlango wa friji, soma kibandiko, na upime joto la chumba utakamoiweka.