Fahamu: Protini za damu zinasema nini kuhusu saratani ya mapafu?

Uvimbe wa saratani kwenye pafu humwaga protini kwenye damu, na maabara inaweza kuzipima. Protini iitwayo CYFRA 21-1 hupanda zaidi katika saratani ya seli zisizo ndogo. Nyingine, ProGRP, huelekeza kwenye ile ya seli ndogo, inayosambaa kwa kasi. Kiwango kikiwa juu tangu mwanzo, mara nyingi ugonjwa huwa mzito zaidi; kikishuka baada ya matibabu, ni dalili njema.

Lakini protini nyingine, CEA, iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965, hupanda hata kwa mvutaji sigara asiye na saratani. Damu peke yake haitoshi: lazima kinyama kichukuliwe pafuni, kipimwe. Inauma sana dalili zinapodhaniwa ni za kifua kikuu, mgonjwa akamezeshwa dawa zake kwa miezi kabla ya kufikishwa kwenye kipimo hicho.