Kununua nafasi ya kibarua: je, ujira wake ni halali?

 

Hivi karibuni nilikuwa Bweri, mjini Musoma. Kwa wasiopafahamu, Bweri ndiko iliko stendi ya mabasi ya mji huo, na ni kata ambayo nyumba mpya zinaongezeka kila uchao. Baada ya swala ya Alfajiri kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti, mfuko wa zana begani, mpini wa mwiko ukichungulia.

"Sheikh," aliniambia, "kuna mradi wa ujenzi unaochukua watu. Nyapara anataka shilingi elfu thelathini ili aniandike kwenye orodha ya vibarua. Wenzangu wameshatoa. Nami nikitoa, ujira nitakaoupata utakuwa halali kwa wanangu?"

Nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa alikuwa anawahi. Lakini swali lake ni la nyumba nyingi za Waislamu, na linastahiki jibu refu.

Tuanze na Nabii Musa (A.S.). Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana ndugu wala mtu wa kumdhamini. Aliwanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji wamalize, kisha akajitenga kivulini akamwomba Mola wake. Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 26, mmoja wa mabinti wale anamshauri baba yake amwajiri mtu huyo, na anataja sababu mbili tu: ana nguvu na ni mwaminifu. Hakutaja kabila wala ukoo. Aya inayofuata inaonyesha mwajiri akitaja muda waziwazi, miaka minane, na kumi kama Musa atapenda mwenyewe, kabla kazi haijaanza.

Nguvu inayokusudiwa hapa si ya misuli peke yake. Ni uwezo wa kazi yenyewe. Mwashi asiyejua kusoma timazi, au mkoroga zege anayepunguza saruji kwa kutojua kipimo, hana nguvu hata kama anabeba mifuko miwili kwa mpigo. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jengo la Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Sisemi kwamba misiba hiyo ilitokana na nafasi za kazi kuuzwa. Ninachosema ni kwamba kosa la mjenzi humwangukia mtu asiyemjua, na kwa hiyo anayechagua wajenzi kwa kipimo cha fedha anachezea roho za watu.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa msimamizi wa ujenzi pia. Imepokewa na Imam Ahmad na wengineo kwamba msikiti wa Madina ulipokuwa ukijengwa alikuwapo Talq bin Ali, mtu wa Yamama, mgeni wa mbali. Mtume alipoona anavyolifahamu koleo, aliagiza aachiwe kazi ya kukoroga udongo, kwa sababu aliijua kuliko waliokuwapo. Na waliokuwapo ni akina nani? Ni Muhajirina na Answari, walio bora wa umma huu! Hawakupewa udongo kwa ubora wao. Alipewa mgeni, kwa ujuzi wake.

Nawaomba makandarasi wetu Waislamu walizingatie hilo, kwani nasikia huko Mara, kama kwingineko nchini, orodha ya vibarua wakati mwingine husomeka kama orodha ya ukoo wa msimamizi. Wapo pia wanaodhani kwamba kumpendelea Muislamu asiyejua kazi ni kuitetea dini. Safari ya Hijra yenyewe, iliyobeba hatima ya dini yote, iliongozwa na Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo alikuwa katika dini ya Makuraishi. Aliajiriwa kwa sababu aliijua njia na aliaminika. Bukhari ameiweka habari hiyo katika mlango wa ijara.

Sasa jibu la kijana wetu. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Wanazuoni wengi wametofautisha kati ya mtu anayenyang'anywa haki yake iliyothibiti, akalazimika kutoa kitu ili aiokoe, na mtu anayetoa ili apate kisichokuwa haki yake. Wa kwanza dhambi ni ya mpokeaji. Lakini nafasi ya kibarua, kabla ya uteuzi, si haki ya mtu yeyote mahususi. Watu arobaini wamesimama langoni, nafasi ni kumi. Elfu thelathini yako inamwondoa mwenzako, pengine mwenye mwiko mzuri kuliko wako. Kwa hiyo usitoe.

Aliyekwisha kutoa je? Alete toba ya kweli na asirudie. Ujira wake, ikiwa anaiweza kazi na anaitimiza ipasavyo, ni malipo ya jasho lake, na hatuambiwi autupe. Asiyeiweza kazi ndiye mwenye tatizo kubwa, kwani kila siku anapokea malipo ya kitu asichokitoa.

Ama nyapara, asijidanganye kwamba ile ni zawadi. Ibn al-Lutbiyya alirudi kutoka kukusanya zaka akasema hiki chenu, hiki nimepewa mimi. Mtume akapanda mimbari na kuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi zingemfuata.

Kuna jambo zito zaidi, nalo nawaambia wazazi waziwazi. Mabinti zetu wanaobeba maji na mchanga kwenye majengo huombwa kingine badala ya fedha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imelifanya hilo kuwa jinai, na TAKUKURU ndiyo mahali pa kulipeleka. Binti akirudi na habari hiyo, asikilizwe, asigombezwe.

Kwa upande wake, msaka kazi naye ana wajibu. Fundi aliyejifunza kwa mjomba wake, bila darasa, anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi. Chuo cha VETA kipo Musoma. Aidha, adai masharti kabla ya kushika koleo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi na ujira wake. Akidhulumiwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wake ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa isivyo haki, siku 60 kwa madai mengine. Wengi wetu hungoja huku tukisema "tumwachie Mungu", hadi mlango unafungwa.

Nilipoondoka Musoma kijana yule hakuwa ametoa fedha, wala hakuwa amepata kazi.

Jioni ya siku ile, katika msikiti uleule, mzee mmoja wa kamati aliniuliza kama inafaa fundi aliyejenga ukuta wa uani aombwe asamehe salio lake liwe sadaka. Nikamkumbusha kiwanja cha msikiti wa Madina, kilichokuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, Mtume akakataa mpaka akakinunua. Nikamwuliza mzee: fundi mwenyewe ndiye aliyesema atasamehe? Akasema hapana. Nikamwambia, basi alipwe kwanza, fedha iwe mkononi mwake, ndipo mumwombe.