Kiangazi cha Noonkopir na Bustani za Mboga

Noonkopir, ambako watu wengi hukujua kwa jina la Kitengela, ni nchi ya Kajiado ukingoni mwa nyanda za Athi. Zamani ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Tangu ardhi ilipogawanywa na mji kukua, wako wengi walimao mboga katika vipande vidogo karibu na nyumba zao. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na za vuli mwezi wa Oktoba. Baina ya hizo, hasa Januari na Februari, jua ni kali, udongo mweusi hupasuka nyufa, na mkulima hutegemea maji ya kisima, ambayo mara nyingi yana chumvi, au maji ya kununua.

Basi hapo hutokea shauri gumu. Maji hayatoshi, ni zao gani linyweshwe? Wengi huyagawa kidogo kidogo kwa kila tuta, lakini kufanya hivyo ni hasara. Maji machache hulowesha juu tu. Jua huyakausha, chumvi hubaki, na mizizi haipati kitu. Mshika mbili moja humponyoka.

Yafaa kila zao lipewe kwa kadiri ya haja yake. Vitunguu vikianza kulaza majani, visinyweshwe tena; ving'olewe na kukaushwa kivulini, navyo vitakaa siku nyingi. Sukuma wiki ichumwe majani ya chini, yaachwe ya kileleni, na shina lifunikwe kwa nyasi kavu. Haitakua sana, ila masika yakija itachipua upya. Maji yaliyosalia wapewe miche ya nyanya, alfajiri au jioni, kwa kipimo kimoja siku zote. Nyanya iliyokaushwa leo na kufurikishwa kesho huoza kitako na kupasuka.

Tena zisingojewe hata ziwe nyekundu kabisa. Zianzapo kugeuka rangi zichumwe asubuhi na kuwekwa kivulini. Zitaiva zenyewe, wala hazitapondeka upesi njiani kwenda Nairobi. Mvua ya kwanza ikizikuta zimeiva shambani, huzipasua.

Kwa mwenye robo eka jambo hili si dogo, maana fedha ya nyanya za Februari ndiyo inunuayo mbegu na samadi ya masika. Akiipoteza, mvua itamkuta mikono mitupu.