Dhahabu Haipati Moto kwa Mkupuo Mmoja

Kwenye mialo ya Geita, na kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Kahama mkoani Shinyanga, dhahabu iliyonaswa kwa zebaki huchomwa hadi zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Katikati ya namba hizo ndipo mchomaji anapofanyia kazi, na ndipo mvuke wa sumu unapomwingia mapafuni. Moto huo wa mkaa umetuzoesha kuamini kwamba kipande kidogo cha dhahabu kina joto moja tu kwa wakati mmoja. Nasema imani hiyo inasimama kwa sababu mkaa hauna haraka. Dhahabu hiyohiyo ikipigwa na mpigo mfupi mno wa leza huwa na majoto mawili, mahali pamoja, kwa wakati mmoja.

Chukua utando wa dhahabu wenye unene wa nanomita 100, mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Upige kwa mwanga wa leza unaodumu femtosekunde 100, muda ambao mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, husafiri milimita 0.03 tu. Ndani ya utando atomu zimejipanga safu kwa safu, na elektroni zinazurura kati yake. Elektroni ndizo zinazoudaka mwanga, nazo hazikawii kupata moto: katika hali ya kawaida, kuzipandisha digrii moja huhitaji takriban sehemu moja ya mia ya nishati ambayo atomu zingehitaji. Kwa hiyo zinaweza kufika maelfu ya digrii huku atomu zikiwa bado vuguvugu. Baadaye, kwa kugongana nazo, huzigawia joto hilo ndani ya pikosekunde chache, yaani makumi ya mara ya urefu wa mpigo wenyewe. Hesabu ya mgawo huu iliwekwa mwaka 1957 na Kaganov, Lifshitz na Tanatarov wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1974 Anisimov na wenzake wakaitumia kwa mipigo ya leza.

Msomaji makini atauliza: nani aliyetia kipimajoto humo? Hakuna, lakini ushahidi upo. Mwaka 1987 Brorson, Fujimoto na Ippen waliupiga utando wa dhahabu upande wa mbele, kisha kwa mpigo dhaifu wakapima jinsi upande wa nyuma unavyoakisi mwanga. Kadiri utando ulivyokuwa mnene, ndivyo habari ya joto ilivyochelewa kufika nyuma, na mwendo wake ulikuwa wa kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Mtikisiko wa atomu hauwezi mbio hizo, elektroni zinaziweza. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwanzoni kabisa hata elektroni zenyewe hazijagawana nishati sawasawa, basi je, ni haki kutaja joto lake? Si haki, kwa mamia ya kwanza ya femtosekunde. Lakini kukubali hivyo kunaipa nguvu hoja yangu: joto ni matokeo ya kugawana, na kugawana huchukua muda.

Wengine watasema haya ni ya maabara tu. Hata hivyo mipigo hii hukata metali kwa usafi, na hata konea ya jicho, kwa kuwa kazi huisha kabla joto halijaenea pembeni. Na aina ya metali ina uzito wake. Dhahabu ni nzito ya kugawa: elektroni za nikeli hukabidhi joto kwa atomu zake kwa nguvu inayozidi ya dhahabu mara kumi. Kromu nayo huishinda dhahabu kwa nguvu hiyo. Ndiyo maana tabaka la kromu likiwekwa chini ya dhahabu, elektroni za juu hushuka na mzigo wao, na atomu za kromu hupata moto kuliko za dhahabu, ingawa mwanga uliangukia dhahabu. Kwenye moto wa mkaa, jambo hilo lisingeonekana kamwe.