Kunoa Kisu Bila ya Kunoa

Kiswahili chetu kina utani wake: kunoa ni kutia makali, lakini mtu akikosea pia tunasema kanoa. Kwenye majiko ya wanafunzi maana hizi mbili hukutana. Kisu kikiwa butu kinasuguliwa kitako cha kikombe, au ngazi ya saruji, basi yameisha. Siku ya tatu kinateleza juu ya nyanya na kuingia kidoleni. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, maana unakikandamiza kwa nguvu na hujui kitaishia wapi.

Mimi nilielekezwa na mzee mmoja mpasua samaki huko Sidab, kijiji cha wavuvi kando ya Maskati ya zamani. Kwake yeye hili si pambo: nguru akipondwapondwa, mteja anahamia meza ya jirani. Siri yote, alinieleza, ni mwinamo mmoja usiobadilika. Kitako cha kikombe kweli kinakwangua chuma, lakini ni chembamba na cha mviringo, kwa hiyo mwinamo hautulii. Saruji ndiyo balaa kabisa, inaacha mapengo.

Sasa fuateni:

1. Tafuta kinoo cha pande mbili, namba 400 na 1000. Namba ikiwa kubwa, chembe zake ni laini zaidi. Kiloweshe maji, tandika kitambaa kibichi chini kisiteleze.

2. Anza na 400. Laza kisu, kisha inua mgongo wake. Kisu chenye upana wa sentimita 4 kiinue sentimita 1 tu. Hapo umepata nyuzi 15 hivi.

3. Sugua upande mmoja, toka mpinini hadi nchani. Papasa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, wala usifuatishe kidole na makali. Ukihisi ukwaru mwembamba urefu wote, chuma kimekunjika, yaani umeyafikia makali. Hujauhisi? Usigeuze.

4. Geuza, fanya vile vile. Malizia na 1000 kwa mkono mwepesi, ukibadilisha pande, mpaka ukwaru uishe.

Kijaribu kwenye nyanya: kipite kwenye ganda bila ya kukandamiza.

Haya jamani, kinoo kimoja kinatosha nyumba nzima. Changishaneni, vidole mnavihitaji kwa mitihani.